Abigaili Alitokea Lango la Nyuma

Kerubo ameniomba niandike haya kabla sijaanza kusahau, na ninyi wasichana wa jikoni mnamjua Kerubo: akiomba kitu hakuachi upumue. Basi naandika. Sitawaeleza nilivyopanda cheo, kwa sababu jikoni kupanda cheo ni kutolewa kwenye vitunguu na kupelekwa kwenye nyama, na moshi ni ule ule. Nitawaeleza juu ya chai ya saa nne, ile mnayowapelekea vibarua kila siku pale nje ya stoo mkidhani ilishuka kutoka mbinguni pamoja na mana. Haikushuka. Ilitokea lango la nyuma juu ya mkokoteni wa punda, na siku hiyo nusura watu wafe.

Nilianza kazi katika kiwanda chetu cha katoni hapa Thika nikiwa bado naishi Gitothua, kule Ruiru. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, Shiro, ndiyo maana mpaka leo mnaniita Mama Shiro na hakuna anayejua jina langu la ubatizo. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Nduta, mpishi mkuu, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Alinipa kisu na gunia la viazi. Baada ya muda akarudi, akaokota ganda moja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Haiya! Wewe unamenyea watu ama unamenyea nguruwe?"

Nikamwambia namenyea watu.

"Basi hao watu watakula nini, na kiazi chote umekiacha kwa ganda?"

Maganda ya jikoni yalichukuliwa na Mwangi, jamaa wa mkokoteni wa punda aliyefuga nguruwe nyuma ya kiwanda. Aliniambia baadaye kwamba wiki yangu ya kwanza nguruwe wake walinenepa vizuri sana, akauliza kama nina dada anayetafuta kazi.

Mama Nduta alinifundisha mambo ambayo hayafundishwi chuoni, na mengine pengine yanafundishwa ila kwa karo. Maziwa ya chai yaingie maji yakiwa yameshachemka na majani, si kabla. Ugali wa watu wengi husongwa kwa kiuno, si kwa mkono. Mwiko wake ulikuwa wa mti mgumu, umechongwa na mumewe, unanifika kifuani, na mpini wake ulikuwa umeshikwa mpaka ukang'aa. Lakini somo lake kubwa lilikuwa la pale kwenye dirisha la kupakulia. Mimi nilikuwa naangalia sahani. Akanipiga kiwiko.

"Usiangalie sahani, angalia mkono. Mkono ukitetemeka, huyo hajakula tangu jana. Muongeze, na usimwambie. Ukimwambia, ushamdai."

Siku yake ya kustaafu hakukuwa na hotuba. Alinikabidhi mwiko, akasema, "Usiuache kwa maji," akaenda zake Gatundu kufuga kuku. Nililia nikikoroga maharagwe, na watu wakasema siku hiyo yalikolea chumvi.

Sasa niwaeleze juu ya utakatifu. Kiwanda chetu ni cha kumcha Mungu. Hilo limeandikwa langoni, juu kidogo ya kile kibao cha HAKUNA KAZI. Mkurugenzi wetu, Bwana Gathecha, alirithi kiwanda kutoka kwa babake, na uongozi akaamua kujifunza mwenyewe kwa semina. Jumatatu asubuhi tulikuwa na maombi, na kila baada ya miezi kadhaa kampuni ilichagua kiongozi mmoja wa Biblia ambaye sote tulipaswa kumwiga. Wakati wa Nehemia tulijengewa ukuta mrefu kuzunguka kiwanda, na mlango wa kantini ukabaki bila bawaba. Wakati wa Yoshua wakubwa walizunguka jengo wakiimba ili mauzo yafunguke. Kilichoanguka ni paa la choo cha wanaume. Wakati wa Yusufu tulihimizwa kuweka akiba kwa ajili ya miaka ya njaa, kwa hiyo maziwa ya chai yakapunguzwa, na njaa ikaja mapema kuliko ya Misri.

Ndipo akina mama wa ofisi ya uhasibu wakauliza kama katika Biblia nzima hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyeongoza kitu. Swali likaitishiwa kikao. Mimi ndiye niliyepeleka chai, na mtu wa chai husikia yote kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa yumo chumbani.

"Debora?" akasema mkuu wa mauzo.

"Debora alikuwa jaji," Mkurugenzi akajibu. "Hatutaki mambo ya korti hapa."

"Esta?"

"Esta aliingia kwa ofisi ya mfalme bila appointment."

"Kuna mwingine anaitwa Yaeli," akasema kijana mmoja wa kompyuta, ambaye nadhani alikuwa anasoma orodha kwenye simu.

Yaeli, kwa wale ambao Biblia yenu ni ya kuhifadhia risiti, ndiye yule aliyemkaribisha jemadari hemani, akampa maziwa, akamfunika blanketi vizuri, kisha akampigilia kigingi kichwani. Kila mmoja akatazama kikombe chake, kisha wote wakanitazama mimi.

"Abigaili," akasema pasta wa kampuni kwa haraka. "Alikuwa mrembo, alikuwa na akili, na alileta chakula."

Abigaili akapita bila kupigiwa kura.

Nilirudi nyumbani nikasoma kisa chenyewe, maana nilijua chakula hicho kitapikwa na nani. Palikuwa na tajiri mmoja aitwaye Nabali, mwenye kondoo wengi na akili chache. Daudi, kabla hajawa mfalme, alikuwa anatangatanga nyikani na vijana wake, na wakawa ukuta kwa wachungaji wa Nabali, kondoo hata mmoja asipotee. Siku ya kukata manyoya, ambayo ni siku ya kula, Daudi akatuma watu waombe chochote kilichopo. Nabali akawatukana: Daudi ni nani, siku hizi watumwa wanaotoroka mabwana zao ni wengi. Daudi akafunga upanga. Mkewe Nabali, Abigaili, aliposikia, hakumwambia mumewe neno. Akapakia mikate, divai, kondoo, bisi, zabibu na mikate ya tini juu ya punda, akaenda akakutana na Daudi njiani, akamwinamia, akamwomba asimwage damu ambayo itamsumbua siku atakapokuwa mtu mkubwa. Nikafunga kitabu nikasema, huyu mama nampenda, ingawa sikuona wapi alipokuwa na wakati wa kupika.

Hapo katikati palitokea moto. Ilikuwa Jumapili. Sisi wa mkataba tulikuwa makanisani, na Mkurugenzi alikuwa Nairobi. Stoo ya karatasi ikashika, na karatasi mnajua haibembelezwi. Waliouona moshi ni vibarua, wale vijana wanaosimama langoni kila asubuhi wakingoja kuchaguliwa kupakia malori. Wengi wao walitoka magharibi, Bungoma na Busia, wakapanga vyumba vya mabati nyuma ya kiwanda. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu aitwaye Wekesa. Hakuna aliyewaita wala kuwaahidi kitu. Waliruka ukuta wa Nehemia, wakapanga mstari, wakatoa roli za karatasi wakizisukuma, wengine wakimwaga mchanga, na gari la zimamoto lilipofika lilikuta kazi ya kunyunyiza tu. Wekesa alibaki na kovu la moto mkononi.

Baada ya hapo waliomba jambo moja. Hawakuomba kuandikwa kazi. Waliomba chai ya saa nne na mkate, kama watu wengine wote, kwa sababu kwa sheria ya kampuni kibarua hakuruhusiwa kukanyaga kantini. Alikuwa akipakia lori tangu asubuhi kwa nguvu za uji alioupata kwao, kama aliupata. Wekesa alimngoja Mkurugenzi pale kwenye gari, kofia mkononi, akasema ombi lake kwa adabu. Mimi nilikuwa nimesimama kando na chupa ya chai ya Mkurugenzi.

Bwana Gathecha hakumjibu yeye. Alimgeukia karani wake.

"Wekesa ni nani? Siku hizi vijana wanaotoroka kwao kuja kusimama kwa gate za watu ni wengi. Nichukue chai ya watu wangu nipatie watu sijui hata wametoka wapi?"

Chupa nusura inianguke. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Na kwapani alikuwa amebana kitabu cha semina, kimeandikwa ABIGAILI kwa herufi za dhahabu.

Akanigeukia mimi, uso wake ukafurahi tena. "Mama, kwa semina nataka chakula cha Abigaili, vile kimeandikwa. Mikate mia mbili, kondoo watano, kila kitu."

"Bosi, wageni hawafiki hata arobaini."

"Vile kimeandikwa, Mama. Sisi hatupunguzi neno."

Basi hatukupunguza. Kondoo watano waliletwa kutoka Witeithie. Divai pasta aliikataa, tukaweka juisi nyeusi. Bisi tulizikaanga kwenye sufuria ya githeri. Zabibu zililetwa na dereva kutoka Nairobi, na kwa kuwa mikate ya tini haijulikani Thika, tulipika mandazi, nikijipa moyo kwamba hata Abigaili angekuwa jirani yangu Ngoingwa, nilikokuwa nimehamia, angepika mandazi.

Siku ya semina ikafika. Mwezeshaji alikuwa Mchungaji Daktari Silas, mtu wa suti ya rangi ya samli na kipaza sauti cha kubandika shavuni. Ukumbi uko juu ya kantini, kwa hiyo tulimsikia vizuri tukikata nyama. Alitufundisha kwamba Abigaili alikuwa nadhifu. Kwamba alitunza muda. Kwamba alijua kuinama mbele ya mkubwa, na mtu anayejua kuinama hafukuzwi kazi. Mama mmoja wa uhasibu akauliza, "Na Nabali je? Kiongozi anajifunza nini kwa Nabali?"

"Nabali tutamwacha," Mchungaji akasema. "Hii ni semina ya kujenga."

Sasa, ukuta wa Nehemia ulizuia macho, lakini haukuweza kuzuia harufu. Nyama ya kondoo watano ilipita juu yake ikawafikia vijana waliokuwa wamekatazwa chai. Haikuchukua muda Mulwa, soja wa lango kuu, akaingia jikoni akihema.

"Mama Shiro, kumeharibika. Wamefunga barabara na magogo, lori haliingii wala halitoki. Wamechukua mawe. Wekesa anasema leo gate inaanguka."

"Umewaambia wakubwa?"

"Simu zao zimewekwa kwa kikapu hapo mlangoni wasikie sauti ya Mungu. Nimeita polisi. Wanakuja na lori, na wamesema hawabebi ile ya machozi. Wanabeba risasi ya kweli."

Nilipanda ngazi mpaka mlango wa ukumbi. Karani aliyewekwa pale akanizuia kwa kidole mdomoni. Nikamwambia watu watakufa. Akaninong'oneza kwamba wako kwenye kipengele cha busara, nisubiri kipindi cha maswali.

Nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, na hofu pia, sitawadanganya. Shiro alikuwa bado chuoni. Ningefutwa, tungerudi kula kwa macho. Lakini nilikuwa namwona yule kijana na lile kovu lake, na namsikia Mama Nduta akisema angalia mkono. Nje ya mlango wa nyuma, Mwangi alikuwa amefika kama kawaida, anapakia maganda ya viazi kwenye mkokoteni.

"Mwangi, mwaga hayo."

"Mama, na nguruwe wangu?"

"Leo nguruwe watafunga na kuomba. Mwaga."

Kerubo, ambaye wakati huo alikuwa mgeni jikoni, alinishika mkono. "Mama Shiro, watakufuta."

"Wakinifuta nitapumzika nyumbani. Huyo kijana akipigwa risasi atapumzika wapi? Shika hiyo sufuria upande huo."

Tulipakia kondoo wote watano, mikate, mandazi na juisi, tukafunika kwa vitambaa vyeupe vya meza za wageni. Kisha tukatokea lango la nyuma, tukazunguka ukuta wote wa Nehemia, na hapo ndipo nilipojua ni mrefu kiasi gani. Punda alikwenda mwendo wake. Punda hajui kuna polisi.

Tulipotokea mbele, vijana walikuwa wamejaa barabarani, na Wekesa yuko katikati na jiwe la kujengea mkononi. Akaja mbele yangu.

"Mathe, ondoa huyo punda. Hii si mambo yako."

"Ni mambo yangu. Nimepika mimi. Umekula?"

"Hatutaki makombo ya wakubwa!"

"Wakubwa hawajagusa. Ninyi ndio wa kwanza. Wao leo ndio watakula makombo."

Wengine wakacheka. Wekesa hakucheka. Lakini nilikuwa karibu naye sasa, na nikaona mkono ulioshika jiwe unatetemeka. Basi nikajua ninaongea na nani. Si na jambazi, wala na mchochezi. Ni mtoto wa mtu ambaye hajakula tangu jana.

Abigaili alianguka kifudifudi. Magoti yangu hayakubali mambo hayo, kwa hiyo nilikaa juu ya gogo lao la kufungia barabara.

"Wekesa, skiza. Huyo mtu wa ndani ni mjinga. Mimi nimempikia miaka mingi, najua. Lakini mjinga asikufanye muuaji, na asikufanye maiti. Wewe kesho utakuwa mtu hapa. Sitaki siku hiyo ukikumbuka leo uinamishe kichwa."

"Na wakikuja kutufukuza?"

"Watakuta watu wanakula. Kufukuza mtu anakula ni ngumu, hata kwa polisi."

Akaliweka jiwe chini, polepole, akanyoosha mikono, na Kerubo akammwagia maji ya kunawa. Nililia hapo hapo, mbele ya wote, na sikuona haya.

Niliwapanga foleni, kwa sababu hata siku ya ghasia jikoni ni jikoni. Lori la polisi lilipofika, mkubwa wao aliruka chini tayari kwa vita akakuta watu wameketi ukingoni wanatafuna mbavu. Akasimama, hajui aanzie wapi.

"Nani kiongozi hapa?"

Mulwa soja akaonyesha punda.

Yule afande alimtazama punda, akatazama kondoo, akauliza kama kuna sahani. Tulimpa mguu.

Nilirudi jikoni wakati wa chakula cha mchana cha semina. Tulifungua dirisha tukawapakulia wageni kilichobaki: ugali, sukuma wiki, maharagwe yaliyokuwa ya wafanyakazi, na bisi ambazo tulisahau kupakia. Bwana Gathecha aliingia jikoni mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akawa hajui pa kukanyaga.

"Mama, kondoo wangu wako wapi?"

"Wako nje, Bosi. Wanaliwa."

"Na nani?"

"Na wale uliuliza wametoka wapi."

Alifungua kinywa, na mimi nikajishika kwenye mwiko nikingoja maneno ya kufutwa. Lakini juu kule ukumbini sauti ya Mchungaji Daktari Silas ikapasuka kwenye spika, maana alikuwa amesahau kuvua kile kipaza sauti cha shavuni. Alikuwa amesimama dirishani na bakuli la bisi.

"Haleluya! Njooni muone! Punda! Vitambaa vyeupe! Hata polisi wanakula! Hii ndiyo inaitwa practical!"

Mtu yule aliamini yote yalipangwa kama sehemu ya semina. Wageni walikimbilia madirisha, simu zikachukuliwa kikapuni, picha zikaanza kupigwa. Mkurugenzi alipanda ngazi, nami nyuma yake, na alipoingia ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Nilimwona akiyatazama yale makofi kama mtu anayeletewa keki ya siku ya kuzaliwa ya jirani. Alifunga kinywa. Akarekebisha tai.

"Tuliona," akasema, "ni vizuri watu wajifunze kwa vitendo."

"Na hii ni ya leo tu, ama itaendelea?" akauliza yule mama wa uhasibu, ambaye mpaka leo namwombea.

Makofi yalikuwa bado yanasikika. "Itaendelea," Mkurugenzi akasema. "Kuanzia kesho, chai ya saa nne kwa kila mtu."

Katika Biblia, Nabali aliposikia alichofanya mkewe, moyo wake ukafa ndani yake akawa kama jiwe. Wetu hakupatwa na hayo. Alipewa jiwe lenyewe, la kioo, limechongwa vizuri, kutoka kwa chama cha Mchungaji Silas, limeandikwa KIONGOZI WA MFANO WA ABIGAILI. Liko pale mapokezi mpaka leo, mnalifuta vumbi kila Ijumaa. Ndiye Nabali pekee ninayemjua aliyepewa tuzo ya mkewe.

Iliniuma? Iliniuma sana. Kuna siku nilipita pale na beseni la vitunguu nikatamani liniteleze. Kisha saa nne ikafika, nikaona vijana wameshika vikombe, mvuke unapanda, nikasema acha akae na kioo chake. Semina ile ilifundisha kwamba Abigaili alijua kuinama, na kwa hilo sikubishana nao. Tulipishana tu juu ya sababu. Wao walidhani aliinama kwa sababu ya adabu.

Wekesa aliandikwa kazi ya mkataba, akawa mwendeshaji wa mashine, na baadaye msimamizi wa upakiaji. Nilifurahi kama nimemzaa. Alioa, akajenga, akaanza kuvaa koti jeupe na kalamu mfukoni. Maombi ya Jumatatu yakawa yanaongozwa naye mara kwa mara, na husali vizuri. Kisa cha Daudi nacho kina kurasa za mbele, alipokwisha kukaa kwenye kiti cha enzi, ambako aliambiwa habari za tajiri aliyechinja mwanakondoo wa maskini, akakasirika sana, na ikabidi aambiwe huyo tajiri ni yeye. Semina haikufika huko.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Wekesa alikuja dirishani na kikombe chake chenye jina lake.

"Mama Shiro, hii chai ya nje itabidi tuiangalie. Inachelewesha malori. Na hawa vijana wa siku hizi ni wengi, mtu hajui hata wametoka wapi."

Niliacha kupakua. "Hayo maneno nayajua, Wekesa. Mara ya mwisho niliyasikia yakiwa yamevaa tai."

Alicheka, akidhani ni utani wa mzee anayeondoka. Nilitazama mkono wake uliokuwa unapokea kikombe, lile kovu bado lipo juu ya kidole gumba. Haukutetemeka hata kidogo. Nilipata uchungu kuliko siku ile ya mawe.

Sherehe ya kuniaga mlikuwepo. Nilipewa saa ya ukutani, nadhani ili nijue saa nne nikiwa nyumbani. Mkurugenzi alihutubia akilielekea lile jiwe la kioo, na Wekesa akatoa neno juu ya uongozi wa utumishi, akanikumbatia, na nilimkumbatia pia kwa sababu nampenda bado. Kisha nilimpa Kerubo mwiko. Nilimwambia, "Usiuache kwa maji."

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika leo asubuhi, nimekaa kwangu Ngoingwa nikitafuta neno la kufungia, simu ikalia. Alikuwa Kerubo, anaongea chini chini.

"Mama Shiro, habari ya asubuhi. Wekesa ametoa amri. Chai ya nje imekatwa kuanzia leo. Vijana wamesimama tu hapo kwa stoo. Mama, nifanye nini?"

Nilitazama ile saa ya ukutani.

"Umepika ya kutosha?"

"Nimepika kama kawaida. Sufuria imejaa."

"Mwangi amekuja kuchukua maganda?"

"Yuko hapa nyuma na punda. Amemaliza kupakia."

"Basi mwambie amwage."